Taichi ya Chen: asili yake hasa ni wapi, na mbona magoti yanalia?

MwanaMvita:
Salaam aleikum wanajukwaa. Kuna kikundi cha watu saba kinachofanya taichi, yale mazoezi ya ngumi ya Kichina, pale Mama Ngina, Mombasa, chini ya mibuyu, kuanzia baada ya alfajiri mpaka jua linapoanza kuchoma. Mtindo ni wa Chen, ule mpango (mfululizo wa miendo) wa zamani, Laojia Yilu. Siku za Jumapili mazoezi huhamia mchangani Nyali.

Nina maswali matatu. La kwanza, ubishi wa asili: mmoja ashikilia kwamba taichi ilianzishwa na mtawa Zhang Sanfeng wa mlima Wudang aliyetazama nyoka akipigana na korongo, mwengine asema hizo ni hekaya, ni kijiji cha Chenjiagou. La pili, watu watatu kati ya saba waumwa goti upande wa ndani, hasa kwenye ule mwendo wa Dan Bian, "mjeledi mmoja", mikono ikifunguka pande mbili. Je, ni mwendo wenyewe ni mbaya au ni sisi? La tatu, kuna video zinazofundisha "kuzungusha hariri" peke yake, mkono mmoja, dakika nyingi. Ni lazima au ni pambo?

DauLaKale:
Waalaikum salaam dada. Nitashika la kwanza, hayo mengine wako wajuzi.

Zhang Sanfeng ni mtu wa masimulizi. Katika tawala za kale za China, wengine humweka enzi ya Song, wengine Yuan, wengine Ming, na baina ya mwanzo wa Song na Ming kuna karne nne. Maandishi ya kwanza tunayojua yanayomhusisha na ngumi ni ya mwaka 1669, pale mwanachuoni Huang Zongxi alipomwandikia marehemu Wang Zhengnan maneno ya kaburini. Humo ngumi za hekalu la Shaolin zaitwa "za nje" na za Zhang "za ndani". Lakini taichi haitajwi humo hata mara moja. Kumfanya Zhang baba wa taichi kulikuja baadaye sana, wakati taichi ishapata umaarufu Beijing na kila mtu ataka nasaba tukufu.

Wudang yenyewe ilipata jina kubwa kwa sababu ya mfalme Yongle wa Ming, aliyeanza kujenga mahekalu huko mwaka 1412. Yongle huyu si mgeni kwetu Pwani: ndiye aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Alituma watu miaka mingi wamtafute Zhang Sanfeng, hawakumwona. Twiga alifika.

Sasa Chenjiagou. Ni kijiji cha wilaya ya Wen, mkoa wa Henan, kaskazini ya Mto Huang He. Mtu anayetajwa hapo ni Chen Wangting, askari wa zama za mwisho za Ming, kizazi cha tisa cha ukoo wa Chen. Ming ilipoanguka mwaka 1644 alirudi kijijini kulima na kufundisha vijana wa ukoo. Mtafiti Tang Hao alikwenda huko mwanzoni mwa miaka ya 1930, akapekua kumbukumbu za ukoo, akaweka wazi kwamba hapa ndipo uzi unaposhikika. Kilichomsaidia zaidi ni kulinganisha majina ya miendo. Jemadari Qi Jiguang, aliyepigana na maharamia wa pwani ya Zhejiang karne ya 16, aliandika mwongozo wa kufundisha askari ulio na mikao 32 ya ngumi. Mkao wa kwanza kabisa waitwa Lan Zha Yi. Fungua mpango wenu wa Chen: baada ya kufungua na kutwanga kinu, unaofuata ni upi? Lan Zha Yi. Na si huo peke yake, majina mengi ya Qi yamo.

Maana ya jina hilo ni kujichomeka vazi kivivu. Vazi refu la Kichina lilishikwa pindo likachomekwa kwenye mshipi ili mguu upate nafasi. Aliyewahi kukunja kanzu ili arukie dau aelewa bila kufafanuliwa. Kwa hivyo ule mkono wa kushoto unaobaki kiunoni si mapambo, ni mkono ulioshika pindo.

Kutoka kijijini kwenda mjini njia ni moja. Chen Changxing (1771–1853) alimfundisha mtu wa nje ya ukoo, Yang Luchan (1799–1872) wa Yongnian, mkoa wa Hebei. Yang akaenda Beijing, akafundisha jamaa wa kifalme. Mjukuu wake Yang Chengfu (1883–1936) ndiye aliyeueneza ule mtindo mpana, wa pole pole, wa mwendo mmoja usiobadilika. Ule mfupi wa miendo 24 unaofanywa na wazee bustanini duniani kote ulitungwa mwaka 1956 na idara ya michezo ya serikali ya China, kwa kupunguza mtindo wa Yang. Ndiyo maana mtu aliyezoea 24 akiona Chen, na kule kuruka na kupiga mguu chini, hudhani ni karate.

Mbuyuni:
DauLaKale umeruka Zhaobao. Mji huo ni jirani kabisa na Chenjiagou, na watu wake wana nasaba yao: Wang Zongyue alimfundisha Jiang Fa, Jiang Fa akaleta Zhaobao. Wao hawakubali kwamba kila kitu kilitoka kwa Chen Wangting.

DauLaKale:
Kweli, nimeruka, na kwa makusudi. Zhaobao wana mpango wao wa zamani na heshima yao. Shida ni kwamba Jiang Fa mwenyewe ana zama mbili tofauti kutegemea nani asimulia, na Wang Zongyue hatumjui ila kwa maandishi machache yenye jina lake yaliyojitokeza karne ya 19 mikononi mwa akina Wu Yuxiang, na huyo Wu alisoma kwa Yang Luchan kisha kwa Chen Qingping aliyekuwa akifundisha hapo hapo Zhaobao. Sasa mtu akiniambia Zhaobao na Chenjiagou ni visima viwili, nitamuuliza: mbona maji yana ladha moja? Waweza kushikilia msimamo wako ndugu, lakini ushahidi wa majina ya Qi Jiguang uko upande wa Chenjiagou.

FundiNyonga:
Hilo la pili naliandikia kwa urefu kwa sababu ndilo linalowatoa watu mazoezini.

Goti ni bawaba ya mlango. Lakunja na kukunjua, na kuzunguka lazunguka kidogo mno, tena likiwa limekunjwa na halina uzito. Viungo vilivyoumbwa kuzunguka ni nyonga juu na kifundo chini. Taichi ya Chen ni mizunguko mitupu. Nyonga isipofunguka, ule mzunguko hautoweki, washuka mpaka gotini. Goti hulala ndani, ile gegedu ya katikati yasagwa kama nafaka, na kano ya upande wa ndani yavutwa. Ndiyo hayo maumivu ya ndani unayoyataja. Dada, mwendo hauna ubaya.

Kwenye Dan Bian makosa ni yale yale kila mahali. Mtu apiga hatua ndefu kupita uwezo wake kwa sababu aliona picha ya bingwa. Mguu wa kulia unaobeba uzito wote wazidiwa, goti lake lalala ndani ili kumsaidia afike. Kisha ahamisha uzito kushoto huku kiuno kinageuka kwa pamoja, na wayo umeshakandamizwa chini. Kila moja kati ya hayo peke yake laumiza, na wengi hufanya yote kwa sekunde mbili.

Dawa ni mpangilio. Kaa kwanza juu ya mguu wa kulia mpaka wa kushoto uwe mtupu, yaani uweze kuuinua bila mwili kuyumba. Telezesha kisigino cha kushoto nje, ukingo wa ndani wa kisigino ukigusa ardhi, uzito bado uko kulia asilimia mia. Pima hapo hapo: waweza kuurudisha mguu bila kujirusha? Huwezi, hatua ni ndefu, ipunguze kwa nusu wayo. Geuza vidole vya mguu mtupu vielekee unakotaka goti lielekee. Shusha wayo. Ndipo uzito uhame, na uhame kwa mkunjo wa kinena, pale paja linapokutana na tumbo, kama mtu anayesogea kwenye benchi bila kuinuka. Uzito ukishafika, kiuno ndicho kimalizie mzunguko. Hamisha, kisha geuka. Baada ya mwaka vitu hivyo viwili vitaungana vyenyewe, mwanzo vitenge.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Funga mpira mwepesi kuzunguka goti, ning'iniza uzi wenye nati ndogo mbele ya pia ya goti. Ukiwa kwenye mkao wa mwisho, nati iwe juu ya kidole cha pili cha mguu. Ikielea upande wa kidole gumba au ndani zaidi, goti limelala. Ikipita mbele ya ncha za vidole, umekaa kwa goti badala ya kukaa kwa nyonga. Mwenye kushindwa kurekebisha apande juu: mkao wa juu, kama wa mtu anayetaka kuegemea ukingo wa meza, hauna aibu yoyote. Na hata aliye hodari, makalio yasishuke chini ya usawa wa magoti.

Kuhusu mahali. Kabro (matofali ya kutandika chini) za Mama Ngina si mbaya, lakini raba za kukimbilia zenye meno hung'ang'ania, wayo haugeuki, na msokoto wote wapanda juu. Tafuteni viatu vya soli bapa na laini, ile ya raba za kitambaa za bei rahisi. Ndara hazifai, zahama mguuni. Mchanga wa Nyali ndio nisioupenda: ule mkavu wazama kisigino, wayo wafungwa kama ulipigwa zege, na wewe wageuza kiuno juu yake. Mkitaka pwani, ngojeni maji yatoke mfanye kwenye mchanga ulioloa na kukazana, au fanyeni mkao wa kusimama tu.

Maumivu ya paja, kuwaka na kutetemeka, ni ya kazi. Maumivu ndani ya kiungo, goti kuvimba, au kunasa likakataa kunyooka, hayo ni ya hospitali. Aache mpango mzima mpaka aonwe.

MwanaMvita:
Shukran sana FundiNyonga, hiyo ya uzi na nati tutaifanya. Mkao wa kusimama unaofaa kwa wenye magoti mabovu ukoje? Na kuna mzee mmoja ana presha.

FundiNyonga:
Miguu upana wa mabega, nyayo zikienda sambamba. Legeza magoti, usiyakunje. Kwa mwenye maumivu upana wa vidole viwili tu kushuka watosha. Uzito uwe katikati ya wayo, nyuma kidogo ya pale panapobeba mtu akisimama kwa vidole. Utosi kama umevutwa na uzi, kidevu ndani kidogo, ncha ya ulimi yagusa ufizi wa juu. Mikono kama imekumbatia mtungi, usawa wa kifua, viwiko chini ya viganja, kwapa liwe na nafasi ya yai.

Anzeni dakika 5. Ongezeni dakika moja kila wiki mpaka 15 au 20. Kosa kubwa ni kuvuta makalio mbele kwa nguvu kwa kuwa mwalimu alisema "shusha mkia". Mgongo wa chini wageuka ubao, na baada ya dakika tatu wauma. Mkia unaning'inia, hauvutwi. Kosa la pili ni mabega: yakichoka yapanda masikioni bila mwenyewe kujua, basi shusha mikono mpaka kitovuni, usipandishe bega.

Mzee wa presha asishuke chini, asibane pumzi hata mara moja, apumue kwa pua kama kawaida yake. Zile kanuni za kuvuta hewa kwenye mwendo huu na kuitoa kwenye ule amwachie asiye na tatizo. Akisikia kizunguzungu aketi. Na dawa zake aendelee kumeza, taichi si mbadala.

KinuNaMchi:
La tatu ni langu. Kuzungusha hariri, chan si gong, si pambo. Jina latokana na kuvuta uzi wa hariri kwenye kifuko cha kiwavi: ukivuta kwa kushtua wakatika, ukilegea mno wajifunga fundo. Chen Xin, mwanachuoni wa ukoo huo aliyefariki mwaka 1929, alieleza taichi nzima kwa msokoto huu. Sasa zoezi la mkono mmoja kama wanavyofundishwa wanaoanza, nalitoa kwa mkono wa kulia.

Simama miguu upana wa bega moja na nusu, mkono wa kulia umenyooka upande wa kulia, usawa wa bega, kiganja nje, uzito kulia. Mkono wa kushoto uweke kiunoni. Kwanza, uzito wahamia kushoto, kiwiko cha kulia chashuka, mkono wateremka mpaka karibu na nyonga ya kulia huku kiganja kikigeuka juu. Pili, kiuno chageuka kushoto kidogo, mkono wapita mbele ya tumbo, kiganja bado juu. Tatu, uzito warudi kulia, mkono wapanda mbele ya kifua na kiganja kinageukia nje. Nne, kiuno chageuka kulia, mkono wafunguka mpaka pale ulipoanzia. Mara 20 kulia, 20 kushoto, na kila mzunguko uchukue pumzi mbili au tatu za kawaida.

Umeona? Uzito, kiuno, uzito, kiuno. Ndiyo ile "hamisha kisha geuka" ya FundiNyonga, ila hapa haina hatua ya kukuvuruga. Ndiyo sababu siwaambii watu waachane nayo wakishajua mpango. Wenye goti bovu wafanye hii mwezi mzima kabla ya kurudi kwenye Dan Bian.

Jinsi ya kujua kama mkono unavutwa na kiuno au unatembea peke yake: funga leso kiunoni, fundo mbele ya kitovu. Mwenzako atazame fundo. Mkono ukisogea na fundo limetulia kwenye hatua ya pili na ya nne, unapunga hewa. Fundo likisogea kupita mkunjo wa paja, umezidisha, na goti litakulipa.

Jambo jingine ambalo dada hakuuliza lakini nalisikia hapo kwenye kabro: kule kupiga mguu chini. Mwendo wa Jin Gang Dao Dui ni mlinzi wa Kibuddha akitwanga kinu. Ngumi ya kulia ndiyo mchi, kiganja cha kushoto ndicho kinu, mbele ya tumbo. Mwanamke yeyote wa Pwani anayetwanga ajua kwamba mchi hausukumwi, waachwa uanguke na mwili ukishuka nao. Wanaume wetu wainua goti mpaka kifuani na kukanyaga kama waua nge. Inueni mguu shibiri moja tu kutoka ardhini, legezeni kinena, wayo uanguke bapa, wote kwa pamoja, sekunde ile ile ngumi inapofika kiganjani. Kisigino kikitangulia, mshindo wapanda mpaka kichwani. Vidole vikitangulia, misuli ya shavu la mguu ndiyo inayoumia. Mguu wa kushoto unaobeba uwe umekunjika. Na juu ya kabro au saruji msipige kabisa, wekeni mguu kimya. Mshindo ni wa udongo.

Mbuyuni:
Na kusukumana mikono? Kikundi cha watu saba lazima kuna wawili wanaotaka kupimana.

KinuNaMchi:
Lazima wapo! Wangoje mpaka waweze kumaliza robo ya kwanza ya mpango bila goti kulala, kwa kawaida ni miezi kadhaa. Waanze na mkono mmoja, wan hua, mguu wa kulia mbele kwa wote wawili, vifundo vya mikono vikigusana. Ni ule ule mzunguko wa hariri, sasa una mtu mbele yako.

Kinachotafutwa kwanza ni peng. Fikiria tyubu ya gari ya kuogelea iliyojazwa hewa: ukiibonyeza yakubali, lakini haibonyei mpaka mwisho, na ukiiacha yarudi. Mkono uwe hivyo, umbali kati ya kifundo cha mkono na kifua usipungue chini ya shibiri mbili. Mwenzako akisukuma, peng yamshika, kiuno chageuka, nguvu yake yapita pembeni. Huko kuipitisha pembeni ndiko lu. Ukikaza, umempa mpini wa kukushika. Ukilegea, yuko kifuani. Wengi husahau miguu: asukumwapo ajipinda nyuma kiunoni, badala ya kukaa juu ya mguu wa nyuma. Hapo ndipo uti wa mgongo unapoumia.

Mikono mingine miwili, ji (kubana) na an (kukandamiza), ifuate baada ya hiyo kutulia. Na wasishindane kwa alama. Mwenye kutoa jasho la mkono kabla ya jasho la paja anatumia nguvu ya bega, abadilishiwe mwenzi.

MwanaMvita:
Mwisho: Ramadhani inakuja. Tuache?

FundiNyonga:
Hapana haja. Punguzeni mpango, bakisheni kusimama dakika 10 na hariri mara 10 kila mkono, nusu saa kabla ya futari, kivulini na penye upepo. Kama kaskazi limetulia na unyevu uko juu, hata hiyo nusu yake yatosha. Mpango mzima na kusukumana viwe baada ya tarawehe, maji yakishaingia mwilini, na mzee wa presha asiwe peke yake.